Maikrofoni ya fimbo na kirusha sauti: Volti 48 zinazokosekana

MZEE anaposimama chini ya mwembe katika mkutano wa hadhara huko Kitui au Makueni na kueleza mpaka wa shamba alilorithi, maneno yake husemwa mara moja tu. Yasiponaswa wakati huo, anayeandika ripoti jioni hubaki akikisia.

Katika Kikamba kukisia ni hatari. Lugha hiyo ina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na sauti hafifu iliyojaa mvumo huwachanganya hata wenyeji wanapoisikiliza tena.

Suala hili limezidi kuwa na uzito tangu Katiba ya 2010 ipitishwe na serikali za kaunti zianze kazi 2013, kwani maoni ya umma sasa ni sehemu ya lazima ya maamuzi mengi. Makueni imejijengea sifa kwa kuanzia vikao hivyo ngazi ya kijiji. Katika mradi wa Bwawa la Thwake, ambao ujenzi wake ulianza 2018, na katika mjadala wa makaa ya mawe ya bonde la Mui, Kitui, ardhi na fidia ndizo zilizokuwa mezani.

Mpiga video au afisa wa mawasiliano anayehudhuria vikao vya aina hiyo hupenda kutumia maikrofoni ndefu iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo, kwa kuwa humfikia msemaji bila kumwekea kifaa mdomoni. Ili asiburute waya katikati ya umati, huiunganisha na kirusha sauti, yaani kile kijisanduku kinachovaliwa kiunoni na kupeleka sauti kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilicho kando ya kamera.

Mara nyingi matokeo huwa kimya kitupu. Mafundi wengi hukimbilia kulaumu waya au kuituma maikrofoni ikatengenezwe, ilhali haina kasoro yoyote. Imekosa umeme tu.

Maikrofoni nyingi za aina hii ni za kondensa, na ndani yake mna saketi isiyofanya kazi bila kulishwa umeme kutoka nje. Umeme huo, uitwao fantomu, hupitia waya ule ule unaobeba sauti. Volti 48 hupelekwa kwa kiwango sawa kwenye pini ya 2 na ya 3 za kichwa cha XLR, kila moja kupitia resista ya kilo-ohm 6.8, kisha umeme hurejea kwa pini ya 1. Kwa kuwa pini hizo mbili huwa na volti sawa, sauti, ambayo ni tofauti kati yake, haiguswi. Ndiyo sababu umeme huo ukapewa jina la mzuka.

Idadi hiyo ya volti ina kisa chake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipelekea shirika la utangazaji la Norway, NRK, maikrofoni mpya za transista. Studio za NRK tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, basi ukatumiwa huo huo, na dunia nzima ikafuata.

Kirusha sauti cha kiunoni nacho kiliundwa kwa ajili ya maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ya shati. Hiyo huhitaji volti chache tu, kwa kawaida kama 5, na waya wake hauna zile njia mbili zinazolingana. Kuibana fimbo hapo kwa kebo ya kuungaunga ni sawa na kutaka betri ya tochi iwashe lori.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kununua maikrofoni inayobeba betri yake. Rode NTG2, kwa mfano, hufanya kazi kwa betri moja ya AA ya volti 1.5 au kwa fantomu, ilhali NTG1 inayofanana nayo sana kwa umbo hutegemea fantomu pekee. Anayenunua dukani bila kusoma herufi hizo ndogo huenda akarudi nyumbani na ile asiyoihitaji.

Wenye maikrofoni ya fantomu pekee, kama Sennheiser MKH 416, wanaweza kutumia kirusha sauti kinachochomekwa moja kwa moja kwenye kitako chake. Hapa pia jina la familia halitoshi. Katika toleo la G3 la kampuni hiyo hiyo, SKP 300 hutoa volti 48 lakini SKP 100 haitoi chochote.

Kuna pia visanduku vya betri vya kutoa fantomu, ambavyo hukaa kati ya maikrofoni na kirusha sauti cha kiunoni. Kebo inayotoka kwenye kisanduku lazima iwe ile iliyoelekezwa na mwongozo wa kirusha sauti, kwani zile volti 5 hazipaswi kurudi nyuma, na volti 48 hazipaswi kamwe kuingia kwenye tundu la kirusha sauti. Fundi anayechoma risasi bila mchoro wa pini anaweza kuharibu vifaa viwili kwa mpigo.

Hata hivyo, kwa ushahidi wa watu, njia bora ni kuipitisha maikrofoni kwanza kwenye kinasa sauti chenye fantomu, mfano Zoom H4n, kisha kutoa sauti hapo hadi kwenye kirusha sauti. Ni mzigo zaidi begani, na fantomu hula betri haraka, kwa hivyo betri za alkali za akiba si anasa. Lakini mawimbi yakikatika ghafla, nakala safi hubaki ndani ya kinasa.

Kiwango cha sauti kipimwe kwa kelele kubwa inayotarajiwa, si kwa mazungumzo ya kawaida. Mama anayenong'ona malalamiko yake anaweza kufuatwa na vigelegele vya kijiji kizima, na sauti iliyopasuka haishoneki tena. Ikiwa sauti inatoka kwenye kinasa, ipunguzwe pale pale kabla ya kufika kwenye kirusha sauti, maana ina nguvu kuliko ile ya maikrofoni. Wakati wa kiangazi upepo huhitaji kofia ya manyoya. Sponji pekee haitoshi.

Kipokezi nacho kiinuliwe juu ya vichwa vya watu, kwa kuwa mwili wa binadamu hufyonza mawimbi hayo. Umati ukikaa kati ya fimbo na kamera, masafa yaliyoandikwa kwenye kijitabu cha kifaa hupungua sana.

Jambo la mwisho huangaliwa kabla ya pesa kutoka mfukoni: masafa ya redio yaliyoandikwa ubavuni mwa kifaa. Marekani ilipiga marufuku maikrofoni zisizo na waya kati ya megahezi 698 na 806 kuanzia Juni 2010, na vifaa vya mitumba vya masafa hayo bado vinaweza kukutwa sokoni. Kenya ilizima runinga za analogi 2015, na Desemba 2017 kampuni ya Jamii Telecommunications ikazindua intaneti yake ya 4G kwa masafa ya megahezi 700. Kifaa cha aina hiyo hugombana na minara ya simu, na kibali chake ni suala la Mamlaka ya Mawasiliano.