Mwalimu ni yule yule: kutoka kambi za Kigoma mpaka shule za Fizi



Katika kikao cha mwezi uliopita hapa Baraka, mama mmoja aliyerudi kutoka Lugufu alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu siku ile. Alisema: "Mwalimu wa mtoto wangu namjua vizuri. Kule kambini alikuwa anafika saa moja kamili, hata mvua ikinyesha. Huku ni yeye yule yule, lakini Jumanne na Alhamisi hatumuoni. Ni nani amemloga?" Watu walicheka. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, hakucheka.

Tuliahidi kuandika jibu. Sisi tunaozunguka na pikipiki kutoka shule hadi shule, tangu Mboko mpaka Kazimia, swali hilo tunalisikia mara nyingi. Hata wafadhili wanaliuliza, ila kwa maneno ya upole: walimu wa huku wana moyo wa kazi kweli? Sisi tunaona moyo wao haujabadilika. Kilichobadilika ni watu wanaosimama kati ya mwalimu na mshahara wake, na namna wanavyosimama hapo. Hilo halikuanza jana, na ndio maana tunaomba mtuvumilie turudi nyuma kidogo.

Wazee waliosoma wakati wa Wabelgiji wanakumbuka kwamba mwalimu, yule waliyemwita moniteri, alikuwa na mkubwa mmoja: misheni. Misheni ilimpa kazi, ilimlipa kwa msaada wa serikali ya koloni, na ikisikia ameoa mke wa pili ilimfukuza. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kuonekana kwa watoto Waafrika mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Buisseret. Hatusemi yalikuwa maisha mazuri. Lakini mwalimu alijua nani anamlipa, na akitaka kulalamika alijua mlango wa kubisha.

Baada ya uhuru mambo yalichafuka upesi. Waziri wa kwanza wa elimu katika serikali ya Lumumba alikuwa Pierre Mulele. Miaka minne baadaye huyo huyo alikuwa katika misitu ya Kwilu akiongoza uasi, na huku kwetu Fizi kulikuwa na Wasimba. Wazazi wetu wengi hawakumaliza darasa la sita kwa sababu ya miaka ile.

Kisha ikaja mwaka 1974. Mobutu alizichukua shule zote za makanisa zikawa za serikali. Haikuchukua muda akaona mzigo ni mzito, na tarehe 26 Februari 1977 ukatiwa sahihi mkataba na makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliingia baadaye. Mkataba huo ndio unaotawala shule zetu nyingi mpaka leo. Serikali inaweka sheria na programu, na inalipa walimu. Kanisa linaendesha shule na kumuweka direkta. Kwa maneno mengine, tangu siku ile mwalimu ana wakubwa wawili. Anayemuweka kazini si yule anayemlipa. Mwalimu akikosa mshahara, ofisi ya kanisa inamwambia aende serikalini. Akifika serikalini anaambiwa barua yake ipitie kwa kanisa. Mwanachama wetu mmoja amefanya safari hiyo, kwenda na kurudi, mara nne kwa jambo moja.

Katikati ya miaka ya 1980 serikali iliunda SECOPE, ofisi ya kuhesabu walimu na kutengeneza listi ya malipo. Sababu ilikuwa ya kweli: kulikuwa na majina ya watu ambao hawapo. Lakini hapo listi ikawa na nguvu kuliko mtu. Uko darasani, una watoto mbele yako, una barua ya kazi, ila kama jina lako halijaingia kwenye listi, haupo. Siku hizi ofisi hiyo inaitwa DINACOPE. Neno la kuingia kwenye listi wote tunalijua: kumekanizwa. Na asiyeingia tunamwita kwa herufi mbili, NP, yaani asiyelipwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hata walio kwenye listi walibaki mikono mitupu. Feza ilikuwa inaoza kama samaki kwenye jua. Mwaka 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na hiyo nayo ikaoza. Walimu waligoma, mwaka mzima wa masomo ukapotea, watu wakauita mwaka mweupe. Ili shule zifunguke tena, wazazi na makanisa walikubaliana kwamba wazazi wamuongeze mwalimu kitu kidogo kwa muda, mpaka serikali itakapopata nguvu. Kitu hicho ndicho primi, na ule "muda" ulikuwa karibu miaka thelathini.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu primi ilibadilisha kazi ya direkta kabisa. Zamani direkta alikuwa mwalimu mkubwa: anaingia darasani, anakaa nyuma, anasikiliza somo, anasahihisha daftari la maandalizi. Na primi akawa mkusanyaji wa feza. Asubuhi anasimama mlangoni na listi, anafukuza watoto ambao hawajalipa. Mwalimu naye anahesabu watoto waliofukuzwa, kwa sababu ndio chakula chake cha jioni kinachorudi nyumbani. Tena feza haikubaki yote shuleni. Sehemu ilipanda: kwa ofisi ya kanisa, kwa ofisi ya elimu, kwa ukaguzi, kila ngazi na fungu lake. Wakubwa wa juu nao walikuwa hawalipwi vizuri. Basi direkta aliyepandisha feza nyingi ndiye aliyeonekana hodari, hata kama shuleni kwake hakuna chaki.

Wengi wetu hatukuyaona hayo yote kwa macho, maana vita vya 1996 vilituvusha ziwa. Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa Novemba mwaka ule, Lugufu mwaka uliofuata. Na huko, chini ya mahema, shule zilianza haraka, kwa programu ya Kongo na kwa Kifaransa, na walimu waliotoka kwetu wenyewe.

Tusiipambe kambi. Mtu hakuruhusiwa kutoka nje zaidi ya kilomita 4. Mkimbizi hakuruhusiwa kulipwa mshahara, alipewa motisha tu, nayo ilikuwa ndogo. Madarasa yalijaa kupita kiasi. Lakini tulipowauliza walimu waliofundisha kule wanakumbuka nini, hakuna aliyeanza na kiasi cha motisha. Walisema ilikuwa na tarehe. Walisema listi ilibandikwa, kila mtu aliona jina lake na la direkta wake, na tofauti kati ya hao wawili haikuwa kubwa. Mmoja alisema: "Hakuna mtoto niliyemfukuza kwa miaka kumi na moja." Alilisema kama mtu anayetaja shahada yake. Tena kulikuwa na posho ya chakula, hata kama ni nusu. Mwalimu hakuwa na shamba la kwenda Jumanne, kwa sababu shamba hakuruhusiwa kuwa nalo.

Basi mama yetu, nusu ya jibu ndiyo hiyo.

Mwezi wa Oktoba 2005 meli ya Mwongozo ilianza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wale walimu walishuka na masanduku, na ndani yake vyeti vyao. Huku walikuta nafasi zimeshikwa na wenzao waliobaki, waliofundisha miaka yote ya vita, wengi bila mshahara. Hao nao walikuwa na haki, na hatutaki mtu atumie maneno yetu kuwasema. Lakini aliyefundisha miaka kumi kambini alihesabiwa kama mtu aliyeanza leo. Miaka ile haikuandikwa popote Kinshasa. Aliwekwa kwenye shule mpya isiyo kwenye listi, akawa NP, akategemea primi ya wazazi ambao nao walikuwa wamerudi juzi na wanaishi chini ya hema la plastiki.

Sheria zilikuwepo. Makubaliano ya Mbudi ya Februari 2004 yalisema mfanyakazi wa chini kabisa wa serikali, yule mtumishi wa kufungua milango, apate dola 208 kwa mwezi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure. Kuanzia 2011 serikali ilileta malipo kwa benki, ili feza isipitie mikononi mwa watu. Kwa mijini ilisaidia kweli. Kwetu ilimaanisha safari ya kwenda Uvira na kulala huko, na darasa linabaki na mwanafunzi mkubwa anayeandika majina ya wanaopiga kelele.

Septemba 2019 rais Tshisekedi alitangaza kwamba kifungu cha 43 kinaanza kutekelezwa. Sisi tulishangilia, na hatujuti. Watoto waliingia kwa wingi, hasa wasichana waliokuwa wamebaki nyumbani na wadogo zao. Lakini siku primi ilipokatazwa shule za msingi, NP alipoteza hata kile kidogo. Maelfu ya walimu nchini waliingizwa kwenye listi baadaye, na wengine wa kwetu wamo. Wengine bado. Oktoba 2021 walimu wa Kinshasa walipogoma, wanafunzi wenyewe waliandamana mpaka ndani ya Bunge wakidai walimu wao warudi. Mwezi ule ule yakatiwa sahihi makubaliano mengine, ya Bibwa.

Tunaposema walimu, tusiwasahau wengine. Katika shule moja tuliyoitembelea, sekretari ndiye anayeandika majina ya walimu wote kila mwezi, kwa mwandiko mzuri, na kuyapeleka ofisini. Jina lake halimo. Mlinzi wa shule hiyo hiyo ni mzee anayelala ofisini na kitabu cha hesabu chini ya kichwa, kwa sababu mto hana.

Sasa tuseme habari ya shule mbili. Hatutazitaja majina, wenyewe watajijua. Ziko mwendo wa saa moja kwa miguu, mwaka zilianza pamoja na gratwite, kila moja ikiwa na NP sita. Katika ya kwanza, direkta alikuwa mtu wa safari. Ruzuku ya shule ilipofika, aliyeijua ni yeye na mweka hazina, ambaye ni shemeji yake. Nafasi moja ya listi ilipopatikana baada ya mwalimu mmoja kufariki, iliingia jina ambalo hakuna aliyewahi kuliona darasani. Kufikia Pasaka NP wanne walikuwa wameondoka. Wawili walikwenda kuchimba dhahabu Misisi, mmoja amerudi Kigoma na familia yake, wa nne anakamua mawese.

Katika shule ya pili direkta ni mama, na hana feza kuliko mwenzake. Alifanya mambo matatu tu. Ruzuku ikija, anaandika ubaoni kiasi kilichofika na kilichotumika, ubao ule ule wa darasa la kwanza, na hataki ufutwe mpaka Jumamosi. Pili, alipanga saa upya: kila NP ana asubuhi mbili za shamba zinazojulikana, na direkta mwenyewe anashika darasa lake. Tatu, aliandika foleni ya kuingia kwenye listi kufuatana na miaka ya kazi, akahesabu na miaka ya kambini, akaibandika. Wenzake walimlaumu: anajifanya nani kuhesabu miaka ya Tanzania? Kwake bado wanafundisha watano kati ya sita.

Mama aliyeuliza swali, mwalimu wa mtoto wako yuko shule hii ya pili. Jumanne na Alhamisi yuko shambani kwa ruhusa, na mtoto wako siku hizo anafundishwa na direkta. Kosa ni la kutokuwaambia wazazi, na direkta amekubali atalisema kwenye mkutano wa wazazi.

Kwa wafadhili tuna neno moja. Mmetuuliza kama mabati ya vyumba viwili vipya yaende shule ipi. Ya kwanza ina paa bovu zaidi, hilo ni kweli. Hata hivyo kamati imeomba muda, kwa sababu vyumba hivyo vingekosa mwalimu wa kuingia ndani. Tumependekeza sehemu ya msaada ilipe kwanza safari za faili za NP kwenda Uvira na kurudi, na vyeti vipigwe kopi huko. Baadhi ya wanachama hawakubali. Wanasema kulipa walimu ni kazi ya serikali, na tukianza kulipia hata karatasi, serikali italala zaidi. Wana haki ya kusema hivyo, primi nayo ilianza kama msaada wa muda. Tutapiga kura kikao kijacho.

Kwa sasa faili 7 ziko mezani kwetu. Tatu zimekosa karatasi moja tu, ushahidi wa kazi ya kambini. Yeyote aliyefundisha, aliyekuwa direkta au sekretari Lugufu kabla haijafungwa mwaka 2009, na ana listi ya zamani, daftari la mahudhurio, picha yenye majina nyuma, hata kadi ya motisha iliyochanika, atuletee ofisini siku ya soko kabla ya saa sita. Tutapiga kopi na kukurudishia papo hapo.