Ngwe za Laxton

Katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza, kiko kijiji kiitwacho Laxton. Sifa yake si jumba la fahari wala kaburi la mfalme, bali namna ya kulima. Mashamba yake matatu, la Magharibi, la Kinu na la Kusini, yamegawanywa ngwe ngwe pasipo ua baina ya jirani na jirani, kwa desturi iliyotoka zama za kati.

Zamani desturi hiyo ilienea sehemu kubwa ya Uingereza. Ngwe za mkulima zilitawanyika katika mashamba yote, ili ardhi njema isimwangukie mmoja na mbaya mwingine. Shamba lilipandwa ngano mwaka wa kwanza, nafaka nyingine mwaka wa pili, na mwaka wa tatu likapumzishwa. Kwa kuwa wote walifuata zamu moja, hapana aliyeweza kulima apendavyo.

Katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuyazungushia ua mashamba ya namna hiyo. Mavuno yaliongezeka, hatukatai. Lakini maskini wengi waliozoea kulisha ng'ombe wao au kuokota kuni katika ardhi ya wote waliachwa mikono mitupu. Laxton nayo ilipoteza sehemu ya ngwe zake; nyingine zilisalia kwa kuwa wenye milki wakubwa hawakuafikiana.

Je, tuseme basi ni bahati tu? La, hasha. Bahati iliziokoa ngwe, baraza likazitunza. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wazee wa baraza hulikagua shamba la ngano, wakapigilia vigingi mipakani. Aliyelima kupita mpaka wake hutozwa faini katika kikao cha juma lifuatalo. Sheria ya mwaka 1977 ilipoziondolea mabaraza mengi ya aina hiyo mamlaka ya kuhukumu, Laxton iliachiwa yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1635 Mark Pierce alichora ramani ya kijiji, ikionyesha ngwe moja moja. Nayo imehifadhiwa Oxford hata leo. Hata hivyo, ramani haiwezi kumzuia mtu kula mpaka wa jirani yake. Kazi hiyo yataka watu wanaojuana na kuonana uso kwa uso.

Mwaka 1952 Wizara ya Kilimo iliinunua ardhi hiyo kwa ukoo wa Manvers. Mwaka 1981 ikapita kwa milki ya Taji. Na mwaka 2020 ikauzwa kwa milki ya Thoresby, iliyokuwa makao ya ukoo ule ule wa Manvers. Wenye ardhi wamebadilika, baraza limedumu. Lakini baraza halina la kuamua pasipo walimaji. Jengo la kale laweza kufungwa kwa kufuli na kuwekewa mlinzi. Desturi hii itakufa siku watoto wa wakulima watakapokosa riziki katika ngwe hizo. Basi anayetaka kuuhifadhi urithi wa Laxton na aanze na maisha ya mkulima.