Nuru Tusiyoiona Unguja, na Kufifia kwa Sauti ya Redio



Kila asikilizaye redio jioni, iwe Mkokotoni au mahali pengine popote kisiwani, ajua desturi moja ya chombo hicho. Sauti iliyokuwa ikisikika barabara hufifia, kama sauti ya mtu aliyemo chomboni akielekea Tumbatu. Halafu hurudi kwa nguvu, wala hapana mkono ulioigusa redio. Leo napenda kueleza historia ya jambo hilo, na jinsi watu walivyogundua uhusiano wake na nuru ya ajabu ambayo sisi hatuioni.

Katika nchi zilizo karibu na ncha za dunia, kama Norwe, usiku mwingine mbingu huwaka rangi ya kijani na nyekundu, mfano wa pazia lipeperushwalo na upepo. Wataalamu huiita aurora. Asili yake ni jua. Jua hutupa vumbi jembamba mno lenye umeme, na dunia, kwa kuwa ni kama sumaku kubwa, hulielekeza vumbi hilo upande wa ncha zake. Huko hupiga hewa ya juu hata hewa ikang'aa.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza aitwaye Richard Carrington, alipokuwa akichora mabaka ya jua, aliona mwanga mweupe mkali ukichomoza, ukatoweka baada ya dakika chache. Hata siku moja haijatimia, sumaku za dira zikatetemeka pande nyingi za ulimwengu, aurora ikaonekana mpaka Kuba, na huko Marekani makarani wa simu wakapelekeana habari hali wamekwisha kuondoa betri zao, kwa umeme ule tu ulioingia katika waya. Carrington aliyataja mambo hayo pamoja, lakini hakuthubutu kusema kwamba moja limezaa jingine, maana mara moja si ushahidi wa kutosha.

Baada ya miaka 12 na zaidi jambo lenyewe lilikaribia bahari yetu. Usiku wa tarehe 4 Februari 1872 nuru hiyo ilionekana mahali isipozoewa kabisa: Bombay katika Bara Hindi, Khartoum katika Sudani, na kusini katika kisiwa cha Morisi. Waya wa simu uliopita chini ya bahari kati ya Bombay na Aden ukavurugika. Unguja haikuwa na waya bado. Waya wa kutoka Aden ulifika mwaka 1879.

Sasa tazameni mtego uliomo katika kufikiri. Tarehe 15 Aprili 1872, yapata wiki 10 baada ya nuru ile, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Merikebu za Seyyid Barghash zilizama, na mikarafuu na minazi mingi iling'olewa. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Mtu aliyesikia habari zote mbili angaliweza kusema kwamba nuru ilikuwa ishara ya kimbunga. Lakini kimbunga huzaliwa na joto la bahari na mwendo wa hewa ya chini, na aurora huwaka kilometa 100 na zaidi juu ya vichwa vyetu. Kufuatana si kuzaana.

Walakini kukataa nako kwaweza kuwa kosa. Mwaka 1892 Lord Kelvin, mtaalamu mkubwa wa Uingereza, alipima nguvu ambayo jua lingehitaji ili kuitikisa sumaku ya dunia, akaiona kubwa mno, akatangaza kwamba uhusiano huo haupo. Habari ya vumbi lenye umeme ilikuwa bado haijajulikana.

Ufunguo ulipatikana katika redio. Marconi alipopeleka simu ya upepo kuvuka Atlantiki, mwezi Desemba 1901, watu walistaajabu, maana mawimbi hunyoka na dunia ni mviringo. Mwaka 1902 Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walisema kwamba huko juu pana tabaka ya hewa yenye umeme irudishayo mawimbi chini. Desemba 1924 Edward Appleton na Miles Barnett waliithibitisha kwa kufifia kwenyewe. Walikaa Oxford wakipokea mawimbi ya stesheni ya Bournemouth. Wimbi moja lilitambaa juu ya ardhi, la pili lilipanda likarudishwa. Kilele kikikutana na kilele, sauti hukua. Kilele kikikutana na bonde, sauti hufa. Walibadili urefu wa wimbi kidogo kidogo, wakahesabu mara za kufifia, wakajua kimo cha tabaka hiyo. Appleton alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Hapo ndipo aurora inapoingia. Mawimbi marefu, kama yale ya mita 2200 hivi ambayo wapenzi wa redio walipewa na mkutano wa mataifa wa mwaka 2007, hurudishwa na ukingo wa chini wa tabaka hizo. Vumbi la jua likishuka wakati wa dhoruba ya sumaku, huuteremsha ukingo huo, na nguvu ya wimbi humezwa humo. Njia zipitazo karibu na ncha, kama ile ya Ulaya na Kanada, huweza kudhoofika kwa usiku kadhaa, hata baada ya nuru yenyewe kuzimika.

Na sisi je? Unguja i daraja 6 tu kusini mwa ikweta, mbali na ncha zote mbili. Kufifia tukusikiako kila jioni hakutokani na aurora. Jua likichwa, tabaka ya chini imezayo mawimbi mchana hutoweka, na zile za juu hupanda na kushuka. Lakini dhoruba kubwa hazichagui nchi: huzigeuza tabaka za juu hata karibu na ikweta, na mawimbi mafupi yakapotea.

Tarehe 10 Mei 2024 ilitokea dhoruba ya namna hiyo, na aurora ikaonekana mbali sana na ncha. Tarehe 12 Mei intaneti ikapungua mno Tanzania na Kenya. Siku mbili tu! Lakini sababu iliyoonekana ni kukatika kwa nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari, upande wa Afrika Kusini. Mtego ni ule ule wa mwaka 1872.

Basi, wanafunzi, chukueni daftari. Kila jioni kwa mwezi mmoja andikeni saa, jina la stesheni, na kama sauti ilikuwa kubwa, ndogo, au imekufa. Kisha ulinganisheni mwezi huo na habari za dhoruba za jua. Aliyeandika siku 30 ana neno la kusema. Aliyekumbuka siku 2 ana dhana tu.