Elie Wiesel na Kesi ya Mungu

Mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 chini ya utawala wa Hitler yaliitikisa theodisia, yaani ile elimu ya dini inayotetea haki ya Mungu mbele ya maovu ya dunia. Miongoni mwa walioukataa utetezi huo bila kuiacha imani yao ni Elie Wiesel, aliyezaliwa mwaka 1928 mjini Sighet, Romania, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Auschwitz mwaka 1944, na kukombolewa katika kambi ya Buchenwald mwezi Aprili 1945, akiwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili na mdogo wake wa kike.

Ushuhuda wake, uliotoka kwanza kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na kisha kwa Kifaransa mwaka 1958 ukiwa umefupishwa sana, ndio uliompa jina. Hata hivyo, fikra zake kuhusu Mungu zimejengwa kwa ukamilifu zaidi katika tamthilia yake ya mwaka 1979 kuhusu kesi ya Mungu, iliyotokana na kesi ambayo alisema aliishuhudia Auschwitz, pale marabi watatu walipomshtaki Muumba. Katika tamthilia hiyo, inayotukia mwaka 1649 katika sikukuu ya Purimu, ambapo Wayahudi huvaa vinyago, mashtaka yanaendeshwa na Berish, mwenye nyumba ya wageni ambaye jamaa zake wameuawa, akabakiwa na binti mmoja tu. Wakili wa Mungu anakosekana hadi ajitokeze mgeni msemaji hodari, Sam, ambaye hakosi jibu kwa dhuluma yoyote, na ambaye mwishoni anafichuka kuwa ni Shetani. Berish naye, wauaji wanaporejea, anakataa kubatizwa ili aokoke, kwa kuwa malalamiko yake, kama yale ya Ayubu, yanatoka ndani ya dini yenyewe.

Wiesel, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Boston tangu mwaka 1976, alishikilia kwamba amsikilizaye shahidi huwa shahidi pia na hana ruhusa ya kunyamaza. Kwa msingi huo, mwaka 1993, wakati wa kufunguliwa kwa jumba la makumbusho ya Maangamizi hayo ya Wayahudi mjini Washington, alimgeukia Rais Clinton hadharani na kumtaka achukue hatua dhidi ya umwagaji damu wa Bosnia. Na kwa msingi huohuo wakosoaji wake walimlaumu kwa kuyanyamazia madhila ya Wapalestina.