Python na Vipande vya C
Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum huko Amsterdam, ilikuwa nyepesi kuandika lakini nzito kwenye hesabu. Kila namba ndani yake ni kitu kamili chenye maelezo ya aina yake, na kila mzunguko hulazimika kuyakagua upya. Kwa namba milioni moja, gharama hiyo haivumiliki. Kwa bahati njema, iliruhusu kuunganishwa na vipande vilivyoandikwa kwa lugha ya C. Mwaka 1995 Jim Hugunin alianza maktaba ya Numeric, iliyopanga namba kwa mfululizo kwenye kumbukumbu na kuiachia C kazi ya kuzipitia. Travis Oliphant akaijengea mrithi, NumPy, mwaka 2006.

Lakini kuandika C kwa mkono kulihitaji uangalifu mkubwa. Aliyekosea kuhesabu marejeo ya vitu, yaani ni sehemu ngapi bado zinakitumia kila kitu, aliiangusha programu nzima, au kumbukumbu ilivuja polepole bila yeye kujua. Kwa kazi ndogo, hasara hiyo ilizidi faida. Zana ya Pyrex ya Greg Ewing, kisha Cython iliyochipuka humo mwaka 2007, zilipunguza mzigo huo kweli: mwanasayansi aliandika msimbo unaofanana na Python, akataja aina za namba, na C ikazalishwa yenyewe.