Meli za Abiria katika Bandari ya Dar es Salaam: Kutoka Nauli ya Deki hadi Safari za Starehe

Abiria wengi wanaorudi kutoka bahari ya Karibi hulalamika kwamba meli ilijaa mno, foleni za chakula hazikwisha na kila kisiwa walikiona kwa saa chache tu. Chanzo cha manung'uniko hayo ni mageuzi ya usafiri wa baharini ambayo Dar es Salaam nayo iliyapitia, ingawa mji huo uliyaona ukiwa upande wa gati.

Hadi miaka ya 1960, meli ya abiria ilikuwa hapa chombo cha kumfikisha mtu aendako. Kampuni ya British India iliendesha meli za Karanja na Kampala, zilizoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, kati ya Bombay na pwani ya Afrika Mashariki. Wengi wa waliopanda walikuwa abiria wa deki, yaani wale waliolipa nauli ya chini kabisa bila kupewa chumba, wakatandika matandiko yao wenyewe na kulala bega kwa bega, huku abiria wa daraja la kwanza wakihudumiwa katika sebule za juu. Joto na kichefuchefu viliwatesa, hasa bahari ilipochafuka. Hata hivyo, si sahihi kusema kwamba safari iliwavunja moyo, kwa kuwa hakuna aliyewaahidi raha, na kipimo cha safari kilikuwa kufika salama.

Kufika nako kulikuwa na kazi yake. Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga ndani ya bandari, abiria wakateremka kwa mashua, na shehena ikaletwa ufukoni kwa matishari, yaani vyombo bapa vya kupakulia mizigo. Mara tu walipokanyaga nchi kavu, mji uliwapanga karibu vilevile kama meli ilivyowapanga: Wazungu walielekea Uzunguni, Wahindi wakaenda kwa jamaa zao Uhindini, na wachukuzi waliobeba masanduku yao wakarudi jioni ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Kariakoo, mahali ambapo Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ndege za jeti ndizo zilizouvunja mfumo huo wa kusafiri kwa meli, na kufungwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1967 kukauharakishia mwisho. Kati ya meli mbili za British India zilizounganisha London na pwani hii, Kenya iliuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1969, na Uganda ikageuzwa, kuanzia mwaka 1968, kuwa meli ya safari za wanafunzi. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1966, kampuni ya Norwegian Caribbean Line ilikuwa ikiuza kutoka Miami safari zinazoishia palepale zilipoanzia, na hivyo meli yenyewe ikawa ndiyo bidhaa. Tangu hapo foleni ya chakula, ambayo abiria wa deki angeiona kuwa jambo la kawaida, ikawa kasoro katika kitu kilicholipiwa.

Meli za aina hiyo nazo hufika Dar es Salaam mara kwa mara, lakini faida yake mjini ni finyu kuliko ukubwa wake unavyodokeza. Mgeni hulala na kula melini, akatembezwa kwa basi na kurudishwa kabla ya nanga kung'olewa, ilhali abiria wa Karanja aliyeshuka na furushi lake alihitaji chumba cha kupanga, duka la kuanzia kazi na, baada ya muda, wateja wa rejareja kutoka Kariakoo.