Ukoo wa Yuda Ulivyosomwa Upareni

Mwaka 1900 Misheni ya Leipzig ilifungua kituo Shigatini, Upare Kaskazini. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato, Johannes Ehlers na A. C. Enns, wakaingia Upare Kusini. Agano Jipya la Chasu, lugha ya Wapare, lilichapwa 1922, lakini habari za Ibrahimu, Yakobo na Daudi, zilizo katika Agano la Kale, zilisomwa zaidi kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Kiunguja ilikuwa imetoka 1891. Ya Karl Roehl ikaja 1937, na ile ya Union 1952. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa miaka ya 1960 chini ya milima ya Upare, wavuvi wa makabila mengi walikusanyika kando yake, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha ibadani.

Wapare, watu wanaohesabu ukoo kwa baba, na waliojua desturi ya kurithi wajane, Mwanzo 38 hawakuisoma kama habari ya mbali. Yuda amefiwa na wana wawili, waume wa Tamari, naye anamzuia wa tatu, Shela, asimrithi. Tamari anajifunika uso, mkwewe anamwendea bila kumtambua na kumwachia rehani: muhuri, kamba na fimbo. Mimba inapoonekana, Yuda anaamuru achomwe moto. Tamari anavitoa vitu vile, na mzee anakiri kuwa mkwewe ana haki kuliko yeye. Peresi, mmoja wa pacha waliozaliwa, ndiye babu wa Daudi.

Walawi 18:16 inakataza kulala na mke wa ndugu; Kumbukumbu la Torati 25 inaagiza ndugu amwoe mjane aliyeachwa bila mwana. Wengi huoanisha hivi: ya kwanza ni kanuni, ya pili ni hali ya pekee. Mimi naona lililo kubwa ni kwamba Kumbukumbu inampa mjane haki ya kumshtaki shemeji mkaidi mbele ya wazee na kumvua kiatu. Tamari hakuwa na baraza la kumsikiliza.

Simulizi za Mbaga, Upare Kusini, nazo hazifichi mwamba wa Malameni, walikoangamizwa watoto walioaminika kuleta mkosi. Anayeyasimulia hayo hawatukani mababu. Ezekieli 18 inasema mwana hatachukua uovu wa baba yake; basi mjukuu hana sababu ya kuficha kosa la babu. Historia ya ukoo iandike waliotawala, na iandike vilevile waliodhulumiwa nao.